Sura ya Tisa: Sanduku la Walioshindwa

Mtu akikwambia kwamba moyo uliokata tamaa hutulia, mwambie aende Mlaleo, huko Kisauni, akamtazame Kafedha binti Kenga asubuhi ile ya Jumamosi. Alikuwa ameipangusa rafu ile ile mara tatu. Alikuwa amemwazima mwalimu mmoja kitabu cha falsafa, kisha akamkimbilia hadi barabarani kumpokonya, kwa kuwa alichompa kilikuwa kitabu cha mapishi. Na duka lake halikuwa na vitabu vya mapishi. Kile kilikuwa chake mwenyewe, alichopewa juzi na shangazi Mweri, zawadi ya mwanamke anayekwenda kuolewa.

Wageni wangefika kwao Mtopanga saa nane mchana. Wangekuja na kadzama, kile kibuyu cha pombe ya mnazi ambacho Mgiriama haozi binti pasipo nacho, na Kafedha angeulizwa mbele ya wazee, "Mwanangu, mnazi huu tunywe, tusinywe?" Akionja akampa baba yake, yamekwisha, ni mke wa Lewa. Asipoonja, wageni huchukua kibuyu chao wakaenda zao. Na Kafedha alikuwa ameshaamua kuonja. Lewa alikuwa mtu mwema, aliyefiwa na mke, muuza mawe ya kujengea kule Mtwapa, hana makelele wala ulevi. Miaka thelathini na mbili, alisema shangazi Mweri, si umri wa kuringa.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," shangazi alimwambia. "Na wewe hata kujitembeza hutaki. Umejifungia na makaratasi ya watu waliokufa."

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja, ubavuni mwa meko ya Mwanatabu muuza viazi karai. Ndani mlikuwa na rafu tatu za vitabu vya kuazimisha. Moja ya falsafa, moja ya upelelezi, moja ya sinema. Hiyo ya sinema ilikuwa heshima kwa baba yake, Mzee Kenga, aliyefanya kazi miaka kumi na tisa katika sinema moja ya mjini ambayo sasa ni ghala la magodoro. Kazi yake ilikuwa mlango wa kutokea. Kila picha ikikaribia kwisha ilimbidi atoke nje akaufungue ule mlango, hivyo mzee wa watu hakuwahi kuona mwisho wa picha hata moja. Aliujua kwa nyuso za waliotoka.

Duka lilikuwa na sheria mbili, na ole wako uzivunje. Ya kwanza, mzunguko. Ukisoma cha muuaji, kinachofuata kiwe cha falsafa, kisha cha sinema, ndipo urudi kwa muuaji wako. Watu walinung'unika sana. Dereva mmoja wa malori ya Kipevu aliapa kwamba falsafa itampa vidonda vya tumbo, na sasa ndiye anayewashika wenzake kwenye foleni ya bandari akiwauliza kama binadamu ana hiari au hana.

Ya pili, pini. Watu wa Kisauni hawana subira na muuaji. Walikuwa wakianzia mwisho, au wakilichana karatasi la mwisho, au, kwa roho mbaya tu, wakiandika jina la muuaji ukurasa wa kwanza ili anayefuata akome. Ndipo Kafedha akaanza kuifunga sura ya mwisho kwa pini sita za stepla. Ukifika hapo unarudi dukani, unasimama mbele ya meza na kutaja jina la unayemshuku. Upate, ukose, anakufungulia, lakini sharti utaje. Kitabu kinachorudi na pini zake hutiwa sandukuni chini ya meza, kingoje mwenye kichwa zaidi. Juu ya sanduku hilo pameandikwa kwa chaki: WALIOSHINDWA.

Saa tano na kitu, sauti ya Mwanatabu ikapenya mlangoni pamoja na harufu ya bizari.

"Kafedha, una mgeni. Na wallahi amekonda."

Kafedha aliinua macho, na yale macho yakakataa kushuka tena.

Alikuwa Bonface. Kwa miezi miwili na nusu Kafedha alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia siku atakapomwona, makali yote, aliyapanga kila akipiga mswaki. Sasa yule mtu alikuwa amesimama kizingitini, mrefu vile vile, shati la kazini limemlegea mabegani, kitabu kimefungwa gazeti mkononi, na yale maneno yote yakatoroka.

"Hodi," alisema Bonface.

"Karibu," likatoka neno, na Kafedha akajichukia kwa upole wake.

"Habari za siku nyingi?"

"Nzuri. Za Malaba?"

"Ni za malori." Akaliweka lile gazeti juu ya meza na kulifungua taratibu, kama alivyokuwa akifanya siku zote. "Nimerudisha hiki. Cha falsafa. Kimekawia. Kitabu cha watu hakiwezi kulala kwangu zaidi ya hapo."

"Umekisoma?"

"Mara tatu. Ya kwanza sikuelewa. Ya pili nilielewa nikakasirika."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu nilikuwa peke yangu tu."

Nje mafuta ya Mwanatabu yalikuwa yakichemka, na Kafedha alijua fika kwamba mkono wa kugeuza viazi ulikuwa umesimama ili masikio yafanye kazi.

Wawili hawa walikuwa wamependana kwa njia ya ile meza. Miaka miwili nyuma Bonface, karani wa ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, mtu wa Vihiga asiyemjua yeyote upande huu wa daraja la Nyali, aliingia kujificha mvua akaomba kitabu cha mauaji. Alipoambiwa habari za mzunguko alicheka. Lakini alirudi. Kila Jumamosi alirudi. Walibishana juu ya vitabu vya falsafa mpaka viazi vikapoa. Kwenye vile vya sinema walisoma jinsi picha inavyokatwa na kuungwa, na Bonface akasema kumbe anayekata ndiye anayesimulia, maana yeye ndiye anayeamua usione nini. Kafedha alimtazama siku hiyo akaona, haya, nimekwisha.

Kisha ikaja ile Jumamosi mbaya. Bonface alisema kwamba mama yake, Mama Philister, amemtafutia msichana wa kwao. Hakumaliza. Kafedha alisema, "Basi nenda kwa msichana wa kwenu," na jioni ile ile akaifunga namba yake kwenye simu asiweze kupiga wala kuandika. Siku mbili baadaye Bonface akapelekwa Malaba kikazi. Kwa Kafedha, huo ukawa mwisho.

"Sasa umekirudisha," Kafedha alisema. "Asante. Kingine?"

"Hakuna kingine." Bonface hakuondoka. "Nilitaka tu nikuone ukiwa mzima. Niliambiwa hapa Pwani mtu akikataliwa hushukuru na kuaga. Nimekuja kuaga."

"Nani kakukataa?"

"Kafedha, usinifanyie hivyo."

"Nakuuliza. Nani kakukataa wewe? Uliyenyamaza miezi miwili na nusu ni wewe."

"Mimi?" Kwa mara ya kwanza sauti ya Bonface ilipanda. "Ulinifungia namba."

"Na miguu nilikufungia? Duka halijahama. Mwanatabu hajahama. Mtu mwenye neno hupata pa kulisemea."

"Nililisema. Niliandika."

"Uliandika wapi?"

"Kwenye kitabu cha mpishi. Kile chekundu, cha mpishi aliyeuawa hotelini. Nilimwachia Mama Mwanatabu asubuhi niliyosafiri."

"Kitabu cha mpishi kilirudi na pini zake," Kafedha alisema. "Pini sita. Nilizihesabu. Nikasema, hata muuaji amemshinda kumtafuta, sembuse mimi. Nikakitupa sandukuni."

Hasira ikaanza kumtoka Bonface usoni polepole.

"Hukukifungua."

"Nikifungue kwa nini? Kitabu chenye pini hakifunguliwi mpaka mtu ataje jina. Wewe unaijua sheria."

"Pini nilizipiga mimi, Kafedha. Nilizitoa zako, nikaandika kwenye ule ukurasa mtupu wa mwisho, nikapiga nyingine za ofisini. Sikutaka kila mtu asome mambo yangu. Zako ni nyeupe. Za ofisini ni rangi ya shaba. Nilijua utaona. Wewe unaona hadi doa la chai la mwaka juzi."

Kafedha alikaa kwenye kiti. Alikumbuka asubuhi ile. Alikumbuka kwamba alikuwa akilia, na mtu anayelia haoni rangi ya pini. Mwanamke aliyekuwa akiwafundisha wengine wasome mpaka ukurasa wa mwisho, yeye mwenyewe hakuufungua wa kwake.

"Ukaandika nini?"

Bonface alifungua mdomo. Lakini Mwanatabu, ambaye subira yake ilikuwa imekwisha kabla ya mafuta, alichungulia.

"Mwanangu, kabla hujasema, jua kwamba leo saa nane kuna kadzama kwao. Nisije nikaulizwa siku ya kiama kwamba nilijua nikanyamaza."

Bonface alimgeukia Kafedha.

"Ni kweli?" aliuliza taratibu.

"Ni kweli," alisema Kafedha.

"Ni mtu mzuri?"

"Mzuri."

"Basi sitasema."

"Bonface."

"Sitasema. Nimekaa Pwani miaka saba, najua kadzama ni nini. Nikisema leo nitakuwa mtu aliyekuja kuvunja shughuli ya wenzake mlangoni. Lakini niliyoandika niliyaandika kabla. Hayo ni yako. Yasome, ama uyaache." Akainama kutazama chini ya meza. "Bado kimo sandukuni?"

Kafedha alikuwa keshapiga magoti. Alilivuta lile sanduku, akatoa kimoja kimoja. Kijani. Cheusi. Cheusi kingine. Kimoja kilichokuwa na mchwa. Aliligeuza sanduku chini juu, vumbi likawaingia wote wawili machoni, na kwa mara ya kwanza walikuwa karibu kiasi cha kila mmoja kusikia pumzi ya mwenzake. Cha mpishi hakikuwamo.

"Chekundu?" Mwanatabu aliuliza kutoka mlangoni. "Si alikichukua babako Alhamisi ulipokwenda kusuka? Alisema yeye hawezi kushindwa na mpishi."

Kafedha alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita kasoro. Alichukua mtandio, akaikung'uta leso yake, kisha akasimama akamkabidhi Bonface funguo za duka.

"Kaa hapa."

"Nikae nifanye nini?"

"Uazimishe vitabu. Sheria unazijua." Alifika mlangoni akageuka. Bonface alikuwa amezishika zile funguo kwa mikono miwili. "Na usiende popote. Umesikia? Safari hii usiende popote."

Tuktuk ilimpeleka Mtopanga kwa njia za ndani, na njia nzima Kafedha alikuwa akiomba. Hakuomba mapenzi. Aliomba tu kwamba baba yake asiwe amekifungua kile kitabu, kwa maana maneno ya mtu anayekupenda hayafai kusomwa na babako kwanza.

Alipofika, alikuta viatu vya wageni mlangoni. Shangazi Mweri, kwa kuogopa mtu kubadili nia, alikuwa amewaambia waje saa sita.

"Unatoka wapi na vumbi hili?" shangazi alimdaka barazani, akamfunga leso mpya juu ya ile kuukuu kabla hajajibu. "Watu wameketi zamani. Mzee Gona mwenyewe ndiye msemaji. Ingia, piga goti, onja, tumalize."

"Shangazi, nataka kumwona baba kidogo."

"Utamwona huko huko ndani."

Sebuleni wazee wanne walikuwa wameketi kimya. Kadzama ilikuwa katikati ya mkeka, imezibwa kwa jani safi. Mzee Gona, ami yake Lewa, mtu mfupi mwenye kofia ya kijivu, alimpokea kwa tabasamu. Na kwenye kiti chake cha siku zote, akiwa amevaa koti la harusi na miwani, aliketi Mzee Kenga, kile kitabu chekundu kimelala mapajani mwake.

Kilikuwa na pini zake. Sita. Rangi ya shaba. Sasa Kafedha aliziona kutoka mlangoni.

Aliwaamkia wageni wote, mmoja mmoja, akapiga goti. Mzee Gona alitoa jani, akamimina mnazi kwenye kibuyu kidogo cha kunywea, akakishika.

"Kafedha."

"Abee, baba."

"Sisi ni watu wa Lewa. Tumekuja kwenu na hiki. Mwanangu, mnazi huu tunywe, tusinywe?"

Shangazi Mweri alijongea karibu. Kafedha alikitazama kibuyu, kisha akakitazama kitabu, na hakujua mkono wake ungekwenda wapi.

"Ngoja kwanza," alisema Mzee Kenga.

"Kaka," shangazi alinong'ona, "si wakati wa kungoja."

"Ni neno dogo. Gona, nisamehe. Mimi nina kitabu hapa kimenikaa rohoni tangu juzi. Sitakunywa mnazi wa mtu vizuri na roho haijatulia." Akakinyoosha kile kitabu kwa mikono miwili. "Mwenye duka ni huyu. Nimemjua muuaji. Ni mkewe mpishi. Nimetaja. Nifungulie."

Wazee walicheka. Mzee Gona naye alicheka, akakiweka kibuyu chini. Mtu aliyelea binti peke yake husamehewa vituko vyake.

Kafedha alikipokea kitabu. Alichomoa pini ya kwanza kwa ukucha, ya pili, ya tatu ikamchoma, ya nne, ya tano, ya sita. Aliipita sura ya mwisho bila kuisoma, mpaka kwenye ule ukurasa mtupu, na mwandiko ukawa pale, ule mwandiko wa karani, ulionyooka kama fomu ya forodha.

"Kafedha. Aliyemuua mpishi ni mkewe, nimemjua tangu sura ya pili, kwa hiyo sikushindwa. Juzi hukuningoja nimalize. Nilikuwa nasema kwamba mama amenitafutia msichana na nimekataa. Kutoka Malaba nitapita Vihiga nimwambie uso kwa uso kwamba nitaoa Kisauni, kama Kisauni itanitaka. Ukikubali, nifungulie namba. Usipofungua nitaelewa, wala sitakusumbua. Bonface."

Aliusoma mara moja. Kisha akausoma tena neno kwa neno, na miezi miwili na nusu ya kujiambia kwamba hakupendwa ikamshuka mabegani, mzigo mmoja kwa mmoja, mpaka akahisi anaweza kupumua hadi tumboni. Hakulia. Alicheka kidogo tu, kwa pumzi, akaukaza mdomo kwa heshima ya wageni. Haukukazika.

Mzee Kenga alikuwa amevua miwani. Hakukitazama kitabu. Alikuwa akimtazama yeye.

"Gona," alisema, bila kugeuza macho, "miaka kumi na tisa nilifungua mlango wa kutokea. Picha sikuziona, nyuso niliziona. Uso wa mtu aliyeona mwisho mwema naujua hata gizani. Huyu mwanangu uso wake wa asubuhi haukuwa huu."

"Kaka, unafanya nini?" shangazi aliuliza.

"Nasubiri. Kafedha, mzee amekuuliza. Mjibu."

Kafedha aliinama mpaka paji la uso likakaribia mkeka. Mikono aliiweka nyuma, jinsi alivyofundishwa tangu utotoni kwamba ndivyo binti anavyokataa bila kutukana.

"Baba zangu, nawaomba radhi. Mnazi wenu ni mzuri na Lewa ni mtu mzuri. Lakini mimi msininyweshe. Sina kiu nao."

Shangazi Mweri alijifunika uso kwa leso. Mzee Gona alikitazama kibuyu, akamtazama binti, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua gunia.

"Alhamdulillahi, angesema jirani yangu," alisema. "Sasa nitakwambieni na mimi. Lewa hakulala wiki hii. Alikwenda dukani kwa huyu binti kumsalimu, akapewa kitabu. Kitabu kinamuuliza ana hakika gani kwamba yupo. Jana kaja kwangu saa kumi na moja alfajiri, ananiambia, ami, mimi nauza mawe, nikioa huyu nitaulizwa hivi kila siku. Lakini aibu ikamshika. Akasema, nendeni tu, akikubali nitajikaza."

Wazee walicheka hadi mmoja akakohoa. Hata Kafedha alicheka, uso ungali mkekani. Shangazi Mweri peke yake hakucheka.

"Hayo ni mambo ya kuchekesha?" aliuliza. "Mnazi unarudi. Umri nao unarudi? Kafedha, umemkataa huyu kwa ajili ya nani? Kama yupo mtu, atajwe. Kama hayupo, mimi leo leo napanda gari naenda kwangu Kaloleni, msinione tena katika mambo yenu."

Mzee Kenga alikichukua kile kitabu, akakifunga bila kuugusa ule ukurasa.

"Dada yangu ana haki," alisema. "Mimi nimesoma upelelezi tangu hujazaliwa, mwanangu. Nisione pini zimebadilika rangi? Alhamisi nilipokichukua niliziona. Nikajua ndani mna kitu, na nikajua si changu. Ndiyo maana leo nimekaa nacho hapa. Lakini sheria ya duka ni yako mwenyewe. Mtu hafunguliwi bure. Husimama mbele ya meza, akataja jina."

Kafedha aliinuka. Alisimama mbele ya baba yake, mbele ya shangazi, mbele ya kadzama ya watu, leso mpya imemwangukia miguuni na ile kuukuu yenye vumbi imebaki kiunoni.

"Bonface," alisema. "Wa Vihiga. Karani wa Kipevu."

"Mtu wa bara," alisema shangazi.

"Mtu wa bara, shangazi."

"Kwao wanakula nini?"

"Mboga ya mrenda, nafikiri."

"Kwani mrenda sisi hatuli?" alisema Mzee Gona, akilirudisha jani kwenye kibuyu chake. "Mweri, tulizaliwa nao."

Shangazi Mweri aliiokota leso mpya kutoka chini. Aliikunja mara mbili, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo, akasimama nayo kifuani.

"Na aje na watu wazima," alisema mwishowe. "Asije na karani mwenziwe. Na mnazi anywe au asinywe, kadzama ailete."

Kafedha alitoka barazani. Jua la saa saba lilikuwa kali na kuku walikuwa wamejilaza chini ya gari la wageni. Alitoa simu, akaitafuta ile namba, akaifungua, akapiga. Iliitikiwa kabla haijalia mara ya pili, na nyuma yake alisikia sauti ya Mwanatabu ikimwuliza mtu kama ni yeye, kama ni yeye.

"Haloo," alisema Bonface. Kisha akasema lililomjia kwanza. "Mteja mmoja amekuja. Anataka cha muuaji. Nimemwambia zamu yake ni ya falsafa."

"Umefanya vyema."

"Kafedha. Nimeona namba yako."

"Ndiyo."

"Ina maana imefunguka."

"Imefunguka." Alikaa kwenye kizingiti, akavua viatu. "Mama yako alisemaje?"

"Alinyamaza siku mbili. Ya tatu akaniuliza kama huyo msichana wa Pwani anakula mrenda."

Kafedha alicheka sana, akashindwa kumjibu, na ndani shangazi Mweri akauliza kwa sauti kubwa ni nani huyo anayemchekesha binti wa watu mbele ya wageni.